MREJESHO: Ile kampuni ya droni iliyotaka tununue hisa

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niliwauliza kuhusu kampuni ya droni za kunyunyizia dawa mashambani iliyokuwa ikituuzia hisa kupitia kundi la WhatsApp. Asanteni sana, sijatoa hata shilingi.

Aliyeniambia nianzie BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni Tanzania, Mungu akubariki. Kwenye mfumo nikakuta wamesajili jina la biashara tu, si kampuni. Jina la biashara halina hisa, sasa wanauza nini? Nikawaomba idhini ya kuuza hisa kwa umma kutoka CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kimya. Cheti cha kusajili droni cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakatuma picha iliyokatwa, namba haionekani.

Halafu ile droni waliyodai wameiunda wenyewe. Nilikuza picha, pembeni ya stika yao herufi za DJI, kampuni ya China ya kutengeneza droni, zinachungulia. Kununua droni ya Kichina si kosa, ila kudai ni kazi ya mikono yako ni uongo mtupu.

Ushauri wa kuongea na wateja wao haukuzaa matunda, namba zote hazipatikani. Na dada yangu alishalipa mapema, hela haijarudi. Tumefungua jalada polisi, tunafuatilia.