Kuinua bodi ya Hilux LN106 kwa milimita 50: ni nini kikaguliwe kwanza?

Mkulima wa Mpunga (Ifakara)

Ndugu zangu, salaam. Ninamiliki Toyota Hilux LN106 dabo kebini ya mwaka 1994, yenye ekseli nzima (mhimili mmoja mgumu unaounganisha magurudumu mawili) mbele na springi bapa mbele na nyuma, ambayo hubeba mbegu, mbolea na mavuno kati ya Ifakara na mashamba ya upande wa Mlimba. Wakati wa masika matrekta huchimba mifuo mirefu njiani, na difu (kifuko cha gia kilicho kwenye ekseli) hukwama kwenye tuta linalobaki katikati. Nimejaribisha tairi za 235/85R16 badala ya 205R16 zilizopo, lakini zinagusa madigadi ninapokata kona huku springi zikiwa zimebanwa na mzigo. Fundi wa hapa anapendekeza tuweke vipande vya nailoni vya milimita 50 kati ya bodi na chesesi (fremu ya chuma iliyo chini ya bodi). Je, kazi hiyo inafaa kwa gari la umri huu, na ni mambo gani ambayo fundi asiyeizoea anaweza kuyasahau?

Fundi Chesesi (Morogoro)

Ndugu Mkulima, kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kuinua bodi peke yake hakuinui difu hata kidogo, kwa sababu ekseli, springi na chesesi vyote hubaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi. Tairi ya 205R16 ina kipenyo cha karibu milimita 742 na ya 235/85R16 karibu milimita 806, kwa hiyo utapata takriban milimita 32 chini ya difu, na kazi ya vile vipande ni kuipa tairi hiyo nafasi ya kuzunguka. Kwa mashamba unayoyaeleza, milimita 32 si haba.

Kwa gari la 1994, kabla hujanunua chochote, safisha chesesi kwa maji na brashi ya waya, kisha ugonge kwa nyundo ndogo kila mahali bodi inapoketi. Mahali palipooza kwa kutu hutoa sauti butu, na hapo hapafai kuongezewa chochote mpaka pakatwe na kuchomelewa chuma kipya. Raba za bodi nazo bila shaka zimekauka. Zibadilishe zote kwa pamoja, kwa sababu kipande kigumu kilichowekwa juu ya raba iliyokufa kitaifanya bodi icheze na kuzila bolti. Kila bolti mpya iwe ndefu kuliko ya awali kwa milimita 50 kamili, na kichwani iwe imechapwa 8.8 au 10.9, yaani alama ya uimara wa chuma chake. Usikubali mbao, wala vipande viwili vilivyopandanishwa. Tena, mimi singepita milimita 50, kwa sababu kadiri kipande kinavyokuwa kirefu ndivyo bolti inavyopindwa zaidi gari linapofunga breki.

Wakati wa kuinua, legeza bolti zote, lakini toa za upande mmoja tu, kisha uinue kwa jeki yenye ubao mpana juu yake. Kabla ya hapo fungua kava ya feni, kwa kuwa feni imefungwa kwenye injini ilhali rejeta hupanda pamoja na bodi. Usipoishusha kava hiyo, feni itaikata. Fuatilia pia kila kitu kinachovuka kutoka bodi kwenda chesesi au injini: mabomba ya breki, mpira wa klachi, mipira ya hita, kebo ya handibreki, waya wa ethi na mpira wa kujazia mafuta. Kinachovutika kirefushwe, kisiachwe kikiwa kimekazwa kama kamba ya ngoma. Mikono ya gia itaonekana kuzama sakafuni. Ingiza kila gia, pamoja na ile ya nguvu ya chini, uhakikishe hakuna mkono unaogonga ukingo wa tundu, kwa sababu gia isiyoingia kikamilifu huruka ikiwa na mzigo.

Dereva wa Nyika (Isiolo)

Kwa nini asiinue springi moja kwa moja? Huku kwetu kaskazini ya Kenya magari mengi ya kazi yameinuliwa hivyo.

Fundi Chesesi (Morogoro)

Ni njia halali, ndugu yangu, lakini hata springi hazitainua difu ya ekseli nzima. Zitainua chesesi pamoja na mzigo wote. Aidha, zitabadilisha pembe ya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli), na zitaivuta ile vali ya nyuma inayopima mzigo ili kugawa nguvu ya breki. Vali hiyo ikidhani gari ni tupu, breki za nyuma hupungua nguvu wakati umebeba magunia. Kuinua bodi hakuigusi, kwa sababu imeunganishwa kati ya chesesi na ekseli.

Mkulima wa Mpunga (Ifakara)

Nashukuru sana. Swali lililobaki ni la usukani: fundi anasema shafti ikipungua urefu ataikata na kuichomelea bomba katikati.

Fundi Chesesi (Morogoro)

Hapo nakuomba ukatae. Boksi la usukani limefungwa kwenye chesesi na usukani uko kwenye bodi, hivyo shafti kati yake itavutwa. Pima meno yanayoshikana kabla na baada ya kuinua. Yakibaki machache, chongesha kwa fundi wa mashine kipande cha kuongezea chenye meno yake, kinachobanwa kwa bolti. Weldi ya mkono kwenye shafti hiyo ikikatika, hakuna breki itakayokurudisha barabarani.

Spidomita nayo itasoma pungufu: ikionyesha 80, utakuwa unakwenda karibu 87. Sanduku la nyuma liinuliwe kwa kipimo kilekile cha kabini, bolti zote zikazwe upya baada ya wiki ya kwanza ya kazi, na kampuni yako ya bima ijulishwe kwa maandishi kabla gari halijarudi barabarani.