Norton, Cobb au Bentt: yupi tuwaonyeshe vijana wetu?

Kocha wa Jericho
Wanajamii, hamjambo. Kila Jumamosi, baada ya mazoezi, vijana wapatao ishirini hubaki nasi katika ukumbi wa jamii hapa Eastlands, na mwezi ujao tumeahidiwa projekta kwa usiku mmoja tu. Ninataka wamwone bondia wa uzani mzito aliyestaafu ambaye pia aliigiza, na kuigiza ninakokusudia ni kuvaa nafsi ya mtu mwingine. Ndiyo maana nimewaacha nje Lennox Lewis na Wladimir Klitschko, ambao mwaka 2001 walionekana katika filamu ya Ocean's Eleven wakipigana kwa majina yao wenyewe.

Nimebaki na watatu. Ken Norton ndiye aliyefika mbali zaidi ulingoni: tarehe 31 Machi 1973, mjini San Diego, alimvunja Muhammad Ali taya na kumshinda kwa pointi, na mwaka 1978 WBC, moja ya mashirika yanayotoa mataji ya dunia ya ndondi, ilimtambua kuwa bingwa kabla bondia mwenzake Larry Holmes hajamnyang'anya taji hilo mwezi Juni kwa uamuzi uliowagawa majaji. Aliigiza mhusika mkuu katika filamu ya Drum ya mwaka 1976, baada ya Mandingo ya 1975. Wa pili ni Randall Cobb, maarufu kama Tex, ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia lakini ameonekana kwenye filamu nyingi kuliko wenzake. Wa tatu ni Michael Bentt, aliyeshika taji la WBO, shirika jingine la aina hiyo, kwa miezi isiyotimia mitano, kisha akamwigiza Sonny Liston, bingwa aliyeshindwa na Ali, katika filamu iitwayo Ali, inayohusu maisha ya Muhammad Ali. Naomba maoni yenu.

Mama Bingwa
Kocha, salamu. Mwanangu wa miaka 14 hufanya mazoezi katika ukumbi mwingine, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Namheshimu sana Norton, lakini Mandingo inahusu utumwa katika mashamba ya kusini mwa Marekani, na ina ukatili na mambo ya chumbani ambayo sitakubali mtoto ayatazame kwa kisingizio cha ndondi. Drum nayo ni mwendelezo wa hadithi hiyo hiyo. Tafadhali mwache Norton.

Mzee wa Kaloleni
Kwa nini tuhangaike, ilhali Ali mwenyewe aliigiza katika The Greatest mwaka 1977? Huyu ni mtu aliyefika hapa Nairobi Februari 1980, akiwa ametumwa na Rais Carter kuhimiza mgomo wa Olimpiki za Moscow. Vijana wanalijua jina lake hata kabla ya kujua kufunga bendeji za mikono.

Kocha wa Jericho
Shikamoo Mzee. Katika filamu hiyo Ali alijiigiza mwenyewe, na hilo ndilo linalonizuia. Vijana wangu hawana sura inayojulikana dunia nzima. Wanahitaji kumwona mtu aliyelazimika kujifunza kazi ya pili kuanzia mwanzo.

Mpenda Sinema
Kwa kipimo hicho, Kocha, Cobb anastahili nafasi kubwa kuliko uliyompa. Mwaka 1980 alimsimamisha Earnie Shavers, mmoja wa watu waliokuwa na ngumi nzito kuliko wote katika historia ya uzani huo. Tarehe 26 Novemba 1982, katika uwanja wa Astrodome mjini Houston, alipokea makonde ya Holmes kwa raundi zote 15 bila kuanguka, hata mtangazaji Howard Cosell akachukizwa na pambano lile kiasi cha kuacha kabisa kutangaza ndondi za kulipwa. Uso ule uliovumilia yote hayo ndio uliomfaa alipoigiza msaka watu mwenye pikipiki katika Raising Arizona ya mwaka 1987, ambako anatisha kabla hajafungua kinywa.

Bondia Mstaafu
Nilipigana kwa miaka tisa katika uzani wa kati, na kwangu mimi jibu ni Bentt. Yaangalieni maisha yake kwa jicho la bondia. Alikuwa nyota wa ridhaa nchini Marekani, lakini katika pambano lake la kwanza la kulipwa, mwaka 1989, aliangushwa katika raundi ya kwanza na Jerry Jones. Aibu ile ilimweka mbali na ulingo kwa zaidi ya mwaka. Kisha tarehe 29 Oktoba 1993, mjini Tulsa, alipewa kazi ya kuwa ngazi ya kumpandisha Tommy Morrison, kijana wa Oklahoma aliyekuwa amekwisha kuigiza katika Rocky V na kumshinda George Foreman, na Bentt akamwangusha mara tatu katika raundi hiyo hiyo ya kwanza. Machi 1994 alirudi London, jiji alikozaliwa, na Herbie Hide akamshinda katika raundi ya saba. Alipelekwa hospitalini, na madaktari wakamwambia asipigane tena.

Sasa mtazameni akiwa Liston, bingwa anayelala chini Lewiston, Maine, mwaka 1965, katika raundi ya kwanza, mbele ya watu wasioamini macho yao. Bentt alikwisha kuangushwa kwenye raundi hiyo, na alikwisha kumwangusha mwenzake humo. Anapokaa kwenye kigoda akiutazama mkeka, mimi naona kitu ambacho mwigizaji wa kawaida angehitaji miaka mingi kukitafuta. James Toney, aliyemwigiza Joe Frazier, mpinzani mwingine wa Ali, katika filamu hiyo, naye alikuwa bondia, lakini jeraha la Bentt ndilo linaloonekana.

Mama Bingwa
Kaka, nimekuelewa. Ninaomba jambo moja: Kocha awaeleze habari za hospitali kabla ya filamu, na wazazi tuwepo.

Kocha wa Jericho
Nimekubali, Mama, na wazazi wote wanakaribishwa. Tutaanza saa kumi na mbili jioni kwa pambano la Tulsa, ambalo halimalizi hata raundi moja, kisha nitazima projekta nizungumze kuhusu kichwa na ubongo, ndipo tuingie kwenye filamu. Bondia Mstaafu, ningefurahi ukikaa mbele nasi, kwa sababu maswali ya vijana kuhusu kuanguka wewe utayajibu vizuri kuliko mimi.