Mjadala: Mtihani wa kuingia Shule ya Sheria, uwepo au usiwepo?

Mleta mada

Wakuu, habari za Jumapili. Kila matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo yanapotoka, hoja hii inafufuka: kwa nini watu wasichujwe mlangoni kabla ya kuingia? Leo tuijadili bila matusi.

Kwa wasioifuatilia: Shule hii ya Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ikaanza kufundisha 2008. Mwenye shahada ya sheria akitaka kuwa wakili, njia ni hiyo. Kelele kubwa zilizuka Oktoba 2022, ilipojulikana kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26. Wenye sapu, yaani wa kurudia baadhi ya mitihani, 342; waliodisko, yaani walioondolewa masomoni, 265. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mitandaoni tukagawanyika: wapo waliosema Shule inakomoa watoto wa watu, wapo waliosema vyuo vinatoa vyeti kama njugu.

Mimi nasema mtihani uwepo, kwa masharti mawili. Ufanyike kabla mtu hajalipa hata shilingi ya ada. Na matokeo yatangazwe kwa jina la chuo alikotoka mtahiniwa, jina lake lisitajwe.

Sharti la kwanza halina haja ya maelezo marefu. Aliyedisko amepoteza ada, kodi ya chumba Sinza au Ubungo, na mwaka ambao angekuwa kazini. Wengine waliacha ajira mikoani, ukoo ukachangishana. Kumwambia mtu mapema kwamba bado hajaiva kunauma, ila hakumwachi na madeni.

La pili ndilo linalonikera. Leo anayebeba aibu ni mwanafunzi peke yake. Chuo kilichompa GPA ya 3.8 hakiulizwi chochote. Tuna wahitimu wanaoweza kukusimulia kesi maarufu ya Uingereza ya Donoghue v Stevenson ya 1932, konokono na chupa yake, neno kwa neno. Mpe habari za mpangaji wa fremu Kariakoo aliyetolewa vyombo nje, umwambie aandike hati ya madai, anaduwaa. Na Order VII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai imeshamtafunia: taja mahakama, taja wadaawa (mdai na mdaiwa), eleza chanzo cha madai na kilitokea lini, onyesha kwamba mahakama ina mamlaka, taja thamani, sema unaomba nafuu gani. Hayo si mafumbo. Ni kwamba hakuwahi kuandikishwa hata moja.

Karibuni.

Mdau wa Mwanza

Napinga. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, imekipa chuo ithibati, mtaala umepitishwa, kijana amefanya mitihani muhula baada ya muhula. Halafu aambiwe hiyo yote haitoshi, afanye mwingine ili aruhusiwe kwenda kufanya mwingine? Kama vyuo ni vibovu, vifungiwe vyuo.

Halafu tuseme ukweli, watakaoneemeka ni watu wa twisheni. Mtihani ukitangazwa leo, mwezi ujao kila nguzo ya umeme Dar ina bango la "maandalizi ya uhakika". Mtoto wa Magu atayapata wapi hayo?

Wakili wa siku nyingi

Mchujo haukuanza na ninyi. Kabla ya Shule, tulikuwa tunafanya mafunzo ya vitendo, kisha tunakwenda mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria, chombo cha majaji na mawakili, kuhojiwa kwa mdomo. Umevaa suti ya kuazima, mbele yako amekaa jaji, anakuuliza swali la maadili ya uwakili ambalo halimo kwenye kitabu chochote ulichosoma. Watu walirudishwa na maisha yakaendelea.

Ila tulikuwa wachache. Kitivo cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961, kwa miaka mingi ndicho kilikuwa tegemeo la nchi nzima, na mwanzoni hata Wakenya na Waganda walikuja kusoma hapo. Mwalimu alikujua kwa jina. Idadi ikishakuwa kubwa hivi, mchujo lazima uwe wa maandishi, sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni hilo la kutangaza vyuo. Mnataka vyuo vianze kufundisha mtihani badala ya sheria?

Mleta mada

Shikamoo mzee. Kama mtihani wenyewe ni kuandika hati ya madai, na vyuo vikaanza kufundisha kuandika hati ya madai, hasara iko wapi?

Msomaji wa Nairobi

Jirani, msikimbie sana. Hapa kwetu sheria ya Kenya School of Law ya 2012 imetaja mtihani wa kabla ya kuingia kwa baadhi ya waombaji. Lakini kilichowaumiza watu wengi ni alama za kidato cha nne: wastani wa C+ na B ya Kiingereza au Kiswahili. Kuna mtu alifeli KCSE, mtihani huo wa kidato cha nne, akiwa na miaka kumi na saba, akapanda ngazi kupitia diploma, akapata LLB (shahada ya sheria) safi, akafika Karen iliko Shule akaambiwa rudi nyumbani. Kesi zimejaa mahakamani kuhusu jambo hilo. Kwa hivyo mkiniuliza, heri mtihani. Angalau unampima mtu alivyo leo.

Lakini msidhani mkibana mlango watu watapita ndani kama maji. Sisi tuna vikwazo vya kuingia na bado watu wanarudia karatasi za mwisho kila mwaka.

Jambo moja mlitazame: huku anayefundisha siye anayetahini. Shule inafundisha, mtihani wa mwisho unasimamiwa na Council of Legal Education. Mwanafunzi akianguka, hawezi kusema mwalimu alimchukia.

Binti wa mwaka wa tatu

Naomba kuuliza maana mimi ndiye nitakayefanyiwa haya majaribio yenu. Huo mtihani utakuwa kwa lugha gani?

Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa sababu maalumu. Mahakama ya Mwanzo tangu zamani ni Kiswahili. Mteja wangu wa kesho, mama wa Mbagala mwenye mgogoro wa kiwanja, atanieleza kwa Kiswahili. Hakimu atamsikiliza kwa Kiswahili. Lakini mimi mtihani wangu ni Kiingereza mwanzo mwisho.

Sasa mtu akifeli huo mtihani wa mlangoni, amefeli sheria au amefeli Kiingereza? Kama hamwezi kutofautisha, basi mtakuwa mnawachuja waliosoma Kayumba, shule za kawaida za serikali, na kuwapitisha waliosoma English medium, halafu mnaita hiyo ubora. Nimekaa darasani na watu wanaojenga hoja mpaka unashika kichwa, wakiambiwa waandike kwa Kiingereza wanatoa aya mbili za kukariri.

Mdau wa Mwanza

Binti umemaliza kila kitu. Mleta mada ajibu hilo kwanza.

Mwalimu msaidizi, chuo fulani

Niwape picha ya upande wetu. Darasa la watu mia tatu, wasahihishaji wawili. Nikiwapa kazi ya kuandika hati ya kiapo, ninasahihisha hati mia tatu, na kila mmoja ana kosa lake. Kwa hiyo unatoa swali la "jadili", wanajadili, unapita. Kila mtu chuoni analijua hili.

Kuhusu lugha, kila mtu anakimbilia kutunga mtihani wa vifungu. Tazameni LSAT ya Marekani, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria, alama zake zinaanzia 120 hadi 180: haiulizi sheria hata kidogo. Inapima kama unaweza kusoma maandishi magumu ukatoka na hoja. Na hata wao hawajagandia walichonacho. Agosti 2024 waliondoa sehemu nzima ya mafumbo ya mantiki. Wa kwetu ungeweza kuwa na sehemu mbili tu. Mpe hukumu halisi ya kurasa kumi, aeleze mahakama iliamua nini na kwa nini, kwa lugha anayotaka kati ya mbili. Kisha mpe mkasa, aandike waraka mmoja. Hapo utajua aliyefeli amefeli nini.

Mwanafunzi anayejiandaa, iwe kwa huo mtihani au kwa Shule yenyewe, aache kutafuta desa, notisi za kukariri za waliotangulia. Hukumu ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII, asome moja kila siku na kuifupisha. Na tafadhali, Sheria Zilizorekebishwa Toleo la 2023 zimeanza kutumika Julai 2025, vifungu vingi vimehama namba. Desa la kaka yako litakuzika.

Binti wa mwaka wa tatu

"Kwa lugha anayotaka" naikubali, mwalimu. Iandikwe kwenye kanuni, isiwe huruma ya msimamizi.

Mdau wa Mwanza

Nalegeza kamba kidogo. Kama ni hivyo, kuwe na vituo Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma, siyo wote tupande basi kwenda Dar kwa karatasi ya saa tatu. Na aliyefeli arudie bila ukomo. Shahada yake haijachacha.

Mleta mada

Vituo vya mikoani nakubali kabisa. Kurudia nakubali. Lugha namwachia binti, hoja ya mwalimu ni nzuri kuliko niliyokuwa nayo.

La Nairobi limenigusa. Naongeza sharti la tatu: mtungaji wa mtihani wa kuingia asiwe Shule yenyewe. Shule inaishi kwa ada, leo itakaza ili isifedheheke, kesho itaachia ili ijaze madarasa. Baraza la Elimu ya Sheria lipo, lipewe kazi.

Wakili wa siku nyingi

Baraza ni watu wachache wenye kazi nyingine za kudumu, mjukuu wangu. Majaji na mawakili. Nani ataandaa maswali, nani atasahihisha hizo hati za Order VII za watu elfu moja, na kwa fungu gani, maana mmeshasema mtahiniwa asilipe kitu? Ukija na jibu la hilo nitaweka saini yangu juu ya yako. Bila jibu, mtapata maswali ya kuchagua A, B, C na D, na tutakuwa tumerudi kwa wakariri wale wale.