Kujumlisha 48 au kutumia fanksheni: anayeanza afundishwe lipi?

Mwl wa Njiro: Habari za jioni wakuu. Nina vijana nawafundisha lugha ya programu ya C hapa Arusha. Jana nimewapa kazi wageuze tarakimu 7 iwe herufi '7', wakajumlisha 48 ikaja 55, ambayo kwenye ASCII, ile orodha inayoipa kila herufi namba yake, ndo '7' yenyewe. Mmoja akaniuliza kwa nini tunateseka wakati kwenye Python, lugha nyingine, ukiandika fanksheni ya str(7) umemaliza. Nyie mnasemaje, waanze na lipi?

Chalii wa Sombetini: 48 lazima mwalimu. Mtu asipojua kwamba 7 na '7' ni vitu viwili tofauti hata akae miaka kumi atakuwa anakopi tu, kama hawa wa chuo wanaokariri mpaka mabano.

Dada wa Majengo, Moshi: Wa chuo wanaokariri ni akina nani? Mimi chuo nimesoma kwa hela ya kahawa ya bibi yangu, debe kwa debe, sasa usikae hapo unatuita wakariri. Na hiyo 48 ndo kukariri kwenyewe, andika n + '0' basi, n ndo tarakimu yako na '0' kompyuta inaijua namba yake yenyewe. Halafu jaribu kuijumlisha na 10 uone, inakuja 58 ambayo ni nukta pacha.

Chalii wa Sombetini: Sijakutaja dada. Na 10 unagawa kwa 10 unachukua baki, tarakimu moja moja, zinatoka kinyume unazipanga upya. Mbona hilo linajulikana.

Mzee wa Kaloleni: Vijana taratibu. Huyu binti yuko sahihi kwenye '0'. Mashine kubwa za IBM zinatumia EBCDIC, orodha nyingine ya namba za herufi, na kule '0' ni 240, ukiandika 48 umekwisha. C inachohakikisha ni kwamba 0 mpaka 9 zinafuatana, haijasema zianze wapi.

Dada wa Majengo, Moshi: Shikamoo mzee, asante sana. Maana hawa machalii wa A-Chuga wakijua kitu kimoja mji mzima haulali.

Kaka wa Kilombero: A-Chuga imeingiaje hapa jamani? Kikundi chetu cha akiba fundi alitunza namba za simu kama namba za hesabu, sufuri ya mbele ikapotea kwa kila mwanachama, meseji za marejesho hazikufika, mama yangu akasomwa mbele za watu kwamba hajalipa. Na huyo fundi 48 anaijua vizuri tu! Namba ya simu huijumlishi wala huigawi, ni maandishi. Waanzie hapo.

Chalii wa Sombetini: Si ndo nilichosema, 7 na '7' ni vitu viwili.

Dada wa Majengo, Moshi: Ulisema tunakariri. Futa kwanza hilo.

Mwl wa Njiro: Pole kwa mama, kaka. Hizo sufuri mlizirudishaje?

Kaka wa Kilombero: Tuligeuza zote kuwa stringi, yaani maandishi, tukabandika '0' mbele. Mama ila kikundini hajarudi mpaka leo.