Kwenye karatasi mama kazaliwa 1 Januari 1961. Kodi ya 2025 anahesabiwa mzee au bado?

Binti_Uvira
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tuko Fort Worth, Texas. Mama ni mjane, anafua na kukunja mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. W-2 yake (karatasi ya mwajiri ya mshahara wa mwaka) ya 2025 ni dola 28,600, hana mapato mengine. Tulipoandikishwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hakuijua tarehe yake ya kuzaliwa, akaandikiwa 1 Januari 1961. Wengi kwenye foleni ile waliandikiwa 1 Januari.

Jana nilimpeleka kwa jamaa anayejaza fomu za kodi. Akamwekea punguzo la kawaida tu, yaani mapato yasiyotozwa kodi, dola 15,750. Nikauliza, la wazee je? Akasema mama katimiza miaka 65 mwaka 2026, asubiri mwakani. Mama alishashika kalamu, akaniangalia, nikamwambia tulia kwanza.

Tena anakataa ovataimu ya Jumamosi. Wenzake wamemwambia akiingia kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 12 kodi itakula mshahara wote. Nisaidieni, sitaki nimwambie mama jambo nisilo na uhakika nalo.

Mzee_Houston
Marahaba binti. Msisaini! IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huhesabu kuwa mtu ametimiza umri siku moja kabla ya tarehe yake ya kuzaliwa. Mama yako alitimiza 65 tarehe 31 Desemba 2025. Soma fomu yenyewe: imeandikwa aliyezaliwa kabla ya 2 Januari 1961. Yumo.

Sasa piga hesabu. Kwenye 15,750 ongeza 2,000 za umri, kwa kuwa hana mume. Halafu kuna lile punguzo jipya la wazee, dola 6,000, la kuanzia 2025 hadi 2028. Hilo hujazwa kwenye Schedule 1-A, karatasi ya nyongeza ya fomu ya kodi, na huanza kupungua kwa mtu asiye na mwenzi mapato yakipita 75,000. Jumla 23,750. Zinazobaki kutozwa kodi ni 4,850 tu, kodi yake kama dola 485. Kwa hesabu ya huyo jamaa angelipa kama 1,300.

Kaka_Louisville
Dada, kwa nini usimweke kwako kama mtegemezi, ukapata wewe?

Mzee_Houston
Haiwezekani. Mzazi mwenye mapato ya dola 5,200 au zaidi kwa 2025 hawi mtegemezi.

Mama_Neema
Mimi kila msimu wa kodi hujitolea kwenye mpango uitwao VITA, tunawajazia watu fomu bure. Hilo la ovataimu linaniuma, maana nimewaona akina mama wengi wakiacha saa za kazi kwa woga huo. Asilimia 12 haigusi mshahara wote. Kwa 2025 inagusa kile tu kinachozidi 11,925 baada ya kutoa mapunguzo. Dola moja ikizidi pale, hiyo moja inakatwa senti 12 badala ya 10, za chini zinabaki vilevile. Na mama hajafika huko, bado ana nafasi ya zaidi ya dola 7,000. Makato ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 7.65, yataendelea kwenye kila cheki, umri hauyafuti.

Baba_Juma
Naongeza kwa wenye wazazi wanaopokea Social Security: hizo 6,000 hazina maana kwamba Social Security imesamehewa kodi. Kwa asiye na mwenzi, chukua nusu ya Social Security, jumlisha na mapato mengine. Ikipita 25,000, sehemu ya hiyo Social Security huingia kwenye hesabu ya kodi.

Binti_Uvira
Asanteni sana, Mungu awabariki. Leo tumekwenda VITA maktaba, yule dada akaingiza tarehe ya mama, kompyuta ikaongeza 2,000 na 6,000 bila ubishi. Mama kaomba nimsomee kila mstari kwa Kiswahili, kisha akasaini. Tukiwa kwenye gari akampigia msimamizi wake kuuliza kama ile Jumamosi bado ipo. Ipo, saa kumi na mbili asubuhi.