Flaiwili ya kasi: kaboni, faibaglasi au feleji?

Tegemeo: Wakuu, salaam. Wiki hii naagiza malighafi ya gurudumu la kuhifadhi nishati, litazunguka kasi sana. Nichukue nyuzi za kaboni, faibaglasi (nyuzi za kioo) au feleji?

Msokotaji: Kipenyo? Mizunguko mingapi? Ni kwenye hewa au ombwe? "Kasi sana" si kipimo, mkuu.

FundiFeleji: Feleji. Nguvu yake ni ileile pande zote.

Tegemeo: Kipenyo sm 30, mizunguko 30,000 kwa dakika.

Msokotaji: Basi ukingo unakwenda mita 471 kwa sekunde. Kwa pete nyembamba, mkazo ni densiti mara mraba wa kasi hiyo. Feleji inapita megapaskali (kipimo cha mkazo) 1,700, faibaglasi karibu 440, kaboni karibu 355. Wepesi ndio unaookoa.

FundiFeleji: Hiyo ni pete. Diski nzima ya feleji, katikati inabeba asilimia 41 tu ya mkazo huo, kama 715. Aloi nzuri inahimili. Ila usiitoboe katikati, hata tundu dogo linazidisha mkazo mara mbili.

Jembe: Mnahesabu mkazo wa mzingo, unaovuta kuizunguka pete, lakini sisi tuliumizwa na ule wa kutoka katikati kwenda nje. Karakana moja ilitusokotea pete nene ya kaboni kwa mkupuo mmoja, ikaokwa mara moja. Kwa macho haikuwa na doa. Tulipofika kasi ya kazi mtetemo ukaanza kukua, na kasi haijabadilika. Tukazima, beringi zimeshakwisha. Kuikata, tukakuta ufa umezunguka katikati ya tabaka, nyuzi zote nzima! Upande huo kinachoshikilia ni rezini tu, yaani gundi inayounganisha nyuzi, nayo inabeba makumi ya megapaskali wakati nyuzi zinabeba maelfu. Tena kuoka kitu kinene mara moja kunaacha mkazo ndani hata kabla hakijazunguka. Tengeneza pete nyembamba kadhaa, uzishindilie moja ndani ya nyingine.

Msokotaji: Au faibaglasi ya kioo ndani, kaboni nje. Kioo ni kizito na kinanyumbuka zaidi, kwa hiyo kinaisukuma kaboni na tabaka zinabanana.

Tegemeo: Nilipanga kutandaza kitambaa cha kaboni kwa mkono.

Jembe: Usithubutu. Nyuzi nyingi za kitambaa hazifuati mzingo, unabeba uzito wake bure.

Ngao: Mbona hamtaji usalama? Feleji ikipasuka inarusha mapande mazito, kaboni inasagika. Kaboni moja kwa moja.

FundiFeleji: Kusagika si usalama. Vumbi na nyuzi hizo zinasukuma hadi vifuniko vya pembeni. Ngao nene ya kuzunguka gurudumu ni lazima kwa zote.

Ngao: Nene ndiyo, lakini pande la feleji linatoboa.

Tegemeo: Nina kitovu cha alumini tayari. Kitafaa?

Msokotaji: Pete ikitanuka kuliko kitovu, vinaachana. Kina kipenyo gani? Na hujajibu la ombwe. Kasi hiyo inaipita sauti, kwenye hewa ukingo utapata joto na rezini italainika.

Beringi: Akiweka ombwe, grisi ya kawaida itavukiza. Kuna aliyetumia beringi za sumaku, zisizohitaji grisi, hapa?