Saa ya LED ya miaka ya 1970 inawaka hafifu na kupoteza majira: nianzie wapi?

Mrithi_wa_Saa:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa saa ya mkononi ya marehemu baba yangu, aliyoinunua Uingereza katikati ya miaka ya 1970 alipokuwa masomoni. Ni zile saa za mwanzo za kidijitali ambazo kioo chake chekundu huonekana kitupu mpaka ubonyeze kitufe cha ubavuni, ndipo tarakimu nyekundu, zilizoundwa kwa vijitaa vidogo vya LED, zinapowaka kwa muda mfupi na kuzimika. Jina la mtengenezaji limefutika. Ndani kuna moduli moja (kipande kizima chenye chipu na tarakimu) na nafasi za betri mbili za kidonge. Zile za zamani zilikuwa zimevuja, nikazitoa na kuweka LR44 mbili nilizonunua dukani, nazo zilikaa sawasawa.

Saa imefufuka, lakini nikibonyeza kitufe tarakimu huwaka hafifu na kupepesa, na mara nyingine majira niliyoyaweka hupotea na saa huanza kuhesabu upya. Zaidi ya hayo, tarakimu ya mwisho ya dakika imekosa kijistari cha juu upande wa kulia, kiasi kwamba 8 husomeka 6 na 9 husomeka 5, ilhali tarakimu nyingine zote zimekamilika. Nina mita, chuma cha kulehemu cha kawaida na mkono usiotetemeka. Je, tatizo ni moja au ni mawili, na nianzie wapi bila kuiharibu zaidi?

Fundi_Mstaafu:
Mungu amrehemu mzee. Ni matatizo mawili tofauti, na chuma cha kulehemu kiweke kando kwanza, kwa kuwa la kwanza huenda likaisha bila moto.

Anza na betri. LR44 ni ya alkali: ukubwa wake unalingana na saa yako, lakini volti zake hushuka kadiri inavyotumika, na hushuka zaidi pale inapotakiwa kutoa umeme mwingi kwa ghafla. Saa ya LED ikiwa imezima hutumia umeme kidogo mno, wa kuhesabu majira tu, ila kitufe kikibonyezwa mahitaji hupanda mpaka makumi ya miliampea. Hapo volti zikiporomoka, chipu husahau ilikuwa imefika wapi. Unahitaji betri za oksidi ya fedha, zenye volti 1.55 kila moja, na hata hizo zina aina mbili ambazo wauza duka wengi huzichanganya. Namba 357 na namba 303 zina umbo lile lile, lakini 357 imetengenezwa kwa matumizi makubwa ya ghafla, wakati 303 ni ya saa za mishale zinazonyonya umeme polepole. Saa yako inataka 357. Kama nafasi ingekuwa ya betri nyembamba, ungechukua 386, wala si 301, kwa sababu hiyo hiyo.

Pili, majimaji yaliyovuja kwenye betri hizi ni alkali, kwa hiyo yanaondolewa kwa asidi dhaifu. Chonga kijiti cha meno, kizungushie nyuzi chache za pamba, kichovye kwenye siki kisha ukikamue mpaka kibaki na unyevu tu, na usugue vibati vinavyogusa betri hadi ule unga mweupe na ile kutu ya kijani viishe. Fuatisha kwa maji safi kidogo kwenye pamba nyingine, kisha spiriti kali, na uache ikauke kabisa. Usiitumbukize moduli nzima kwenye kitu chochote, na asije mtu akakushauri kuitia kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo: ndani yake mna vijiwaya vyembamba kuliko unywele, na mtetemo huo huvikata.

Ukimaliza, pima hivi: weka mita kwenye volti, ncha moja iguse betri yenyewe na nyingine iguse kibati kinachoshikana na betri hiyo, kisha bonyeza kitufe. Pakiwa safi utasoma karibu na sifuri. Ukiona volti zimejitokeza hapo, ujue uchafu bado upo na ndio unaokula umeme kabla haujafika kwenye taa.

Darubini:
Niongezee kuhusu kijistari, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi huharibu saa nzuri.

Tarakimu za saa hizi haziwaki zote kwa wakati mmoja. Chipu huziwasha moja baada ya nyingine kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na kila aina ya kijistari ina njia moja ya umeme inayopita kwenye tarakimu zote. Kwa hiyo mpangilio wa giza unakueleza mahali penye ubovu kabla hujagusa chochote. Kijistari kile kile kingekosekana kwenye kila tarakimu, ungeilaumu chipu au njia yake ya pamoja. Tarakimu nzima ingekuwa giza, ungetazama waya unaoiwasha tarakimu hiyo. Wewe umepoteza kijistari kimoja cha tarakimu moja, maana yake chipu ni nzima, na ama kijipande chenyewe cha LED kimekufa au kijiwaya chake cha dhahabu kimeachia.

Tazama kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa tarakimu zimefunikwa kwa utomvu mgumu unaopitisha mwanga, huwezi kukifikia kijiwaya, na nakushauri usijaribu. Ikiwa ziko wazi, usipitishe pamba hapo hata kidogo, na jizuie hata kupuliza kwa mdomo. Unaweza kuipasha moduli joto la wastani kwa mashine ya kukaushia nywele ukiwa mbali kiasi: kijistari kikirudi kisha kikapotea ikipoa, kiungo kimepata ufa. Wapo wanaoziba ufa wa namna hiyo kwa tone la gundi ya fedha inayopitisha umeme, kwa sindano, chini ya hadubini. Kwa vifaa ulivyovitaja, mimi nisingethubutu.

Kijana_wa_Saketi:
Kwani asiweke betri moja ya lithiamu ya volti 3 badala ya hizo mbili? Volti ni zile zile.

Darubini:
Volti ni zile zile, mdogo wangu, lakini betri za kidonge za lithiamu zina ukinzani mkubwa wa ndani, hivyo zikidaiwa umeme mwingi kwa ghafla zitamrudisha kwenye kupepesa kule kule anakokimbia.

Mrithi_wa_Saa:
Nawashukuru sana. Nimesafisha kama alivyoelekeza Fundi, na kweli kibati cha upande hasi kilikuwa kinakula karibu nusu volti nikibonyeza kitufe. Sasa hakili kitu. Kwa betri za 357 mwanga umekuwa mkali na majira hayapotei tena. Kijistari bado hakijarudi hata kwa joto, na tarakimu zimefunikwa kwa utomvu. Je, nitafute moduli nyingine?

Fundi_Mstaafu:
Unaweza, na uzuri ni kwamba hazikuwa adimu. Saa ya kwanza ya namna hii, Pulsar ya Hamilton, iliuzwa Marekani mwaka 1972 ikiwa ya dhahabu kwa dola 2,100, lakini kufikia 1976 Texas Instruments ilikuwa inauza saa ya LED yenye kasha la plastiki kwa takriban dola 20, kwa hiyo kasha bovu lenye moduli nzima bado huonekana mtandaoni. Omba picha ya moduli ikiwa imetolewa, ya pande zote mbili, na linganisha mahali pa vitufe na vibati vya betri. Sura ya nje ya saa haikuhakikishii chochote, kwani kasha linalofanana huweza kuwa na moduli tofauti kabisa.

Mimi lakini ningeiacha moduli ya mzee ifanye kazi na kijistari chake kilichokufa. Ukiona baada ya wiki inakimbia au inachelewa, kuna skrubu ndogo ya kapasita karibu na fuwele ya kwatsi, ile inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Izungushe kidogo sana kwa bisibisi ya plastiki, kisha iache siku nzima kabla ya kuigusa tena. Na kila unapoiweka kabatini kwa muda mrefu, toa betri.